Mkwe Aliyekataa Kuingia

Wasikilizaji wapendwa, kama redio inakwaruza kwa ajili ya mvua, isogezeni karibu. Huyu tunayemkumbuka leo alikuwa mtu wa mvua. Ni Ngala Mramba, fundi baiskeli wa Gede. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Ngala alikuwa kiguu na njia. Kumkalisha kitako ilikuwa kazi. Hata akiziba pancha, mguu mmoja ulichezacheza na jicho liko barabarani. Masika yakianza, watu huziingiza baiskeli zao ndani, naye kibandani hana la kufanya. Basi damu humchemka. Hung'oa madigadi ili tope lisinase, huvaa tyubu ya akiba begani, hufunga mihogo ya kuchemsha kwenye keria, na safari. Leo Mambrui, kesho Kilifi, keshokutwa hata mwenyewe hajui. Ukimuuliza anafuata nini huko kwenye mvua, hujibu, "Nafuata njia."

Nyumbani nako paa la makuti lilivuja. Mkewe, Bi Kache, kazi yake ikawa kuhamisha kitanda pembe hadi pembe. Masika ya mwaka themanini na mbili alichoka. Ngala aliporudi kutoka Malindi, kaloa chapa, alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Kache karudi kwao Rabai. Jirani aliachiwa maneno: "Mwambie Ngala sitaki mume wa kupita. Siku akijua kutulia, nitarudi."

Hapo, wasikilizaji, Ngala alishikwa na hofu. Alimpenda mkewe, na sasa anampoteza. Hakula, hakubadili nguo. Aliigeuza baiskeli vilevile na matope yake.

Kilifi akakuta feri imesimama kwa upepo. Akawa anazunguka gatini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Feri ilipoondoka, wa kwanza kupanda alikuwa yeye. Kupita Mavueni, njia ya Kaloleni ilikuwa tope jekundu tupu. Panapopandika alipanda, pasipopandika aliibeba baiskeli begani. Mnyororo ukakatika, akauunga. Akaanguka, akainuka. Kichwani mna jina moja tu, Kache.

Kwa pupa ile akasahau jambo. Mtu haendi ukweni bila kutanguliza habari. Alipiga hodi uani, akaitikiwa na mama mkwe wake, Bi Kadii, na Bi Kadii yuko peke yake. Mzee hayupo, Kache kaenda kwa jirani. Na katika nyumba ile, kwa heshima waliyolelewa nayo, mama mkwe na mkwe wake mwanamume hawakai chini ya paa moja, wala hawasemezani uso kwa uso.

Ngala akageuza uso, akabaki uani. Mvua inapiga. Bi Kadii akaona haya kumwacha mkwe aloe. Akajitanda leso, akatokea mlango wa nyuma, akasimama migombani. Akaanza kusema na mgomba: "Nyumba ni tupu. Aliyeloa na aingie."

Ngala naye akaiambia baiskeli yake: "Mzazi hawezi kunyeshewa mie nikaota moto. Aingie yeye."

Basi nyumba ikabaki tupu, moto unawaka, na watu wawili wanaloa kwa heshima.

"Niliwakuta hivyo," Bi Kache alituambia juzi, akicheka huku analia. "Mama huku, mume kule. Nikamtazama Ngala. Hachezeshi mguu. Hatazami njia. Kasimama, anatetemeka, haendi popote. Nikasema moyoni, kumbe anaweza."

Akamwingiza mamake ndani, mumewe akampeleka jikoni uani akakauke. Kesho yake Kache alikaa kwenye keria, wakarudi Gede.

Ngala hakuacha safari, msije mkadhani nawasifia malaika. Ila tangu hapo, masika yakikaribia, kwanza hupanda juu ya paa akatia makuti mapya. Ndipo hupanda baiskeli. Na siku aliyosema atarudi, hurudi.

Mwaka huu kifua kilimbana. Aliomba kitanda kisogezwe mlangoni aone barabara. Alifia hapo, mkono wake umo mkononi mwa Kache.

Jumamosi, udongo ukiwa unarudishwa kaburini, mvua ikamwagika. Sote tukakimbilia chini ya turubai. Bi Kadii, mtu mzima sana sasa, alikuwa ametoka Rabai kuja kuzika. Yeye hakukimbia. Alisimama kando ya kaburi, leso imemganda mwilini.

Kache akamfuata. "Mama, twende ndani, utaugua."

Bi Kadii akasema, "Mkwe wangu yuko nje. Mie nitaingiaje?"

Kache akasogea ubavuni mwa mamake. Akasimama naye, wakaloa pamoja mpaka mvua ilipokatika.

Kwa Bi Kache, kwa Bi Kadii, na kwa jamaa wote wa Gede na Rabai, tunawapa mkono wa pole. Mungu awape subira. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjafunga mlango kwa ajili ya mvua hii, hebu tazameni kwanza uani, kama kuna mtu amesimama.