Viatu Mlangoni: Tunamuaga Mama Milembe

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Milembe Salu anastaafu baada ya kulitumikia Dawati la Wastaafu wa Jeshi hapa Bariadi kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka akiwa na miaka sitini, meno yake yote na ufunguo wa kabati la mafaili, ambao tunamwomba kwa heshima aurudishe.

Alizaliwa Malampaka, karibu na stesheni, na aliajiriwa Julai 1994 kama mpiga chapa, dawati likiwa bado chumba kimoja pale Maswa. Mkoa ulipoanzishwa na ofisi kuhamia Bariadi, alisafiri juu ya lori la mizigo akiwa amelikumbatia kabati lenyewe, kwa sababu hakuwaamini wapakiaji. Kabati hilo hufunguka kwa ufunguo na teke moja, na mpaka leo ni yeye tu anayejua pa kulipiga.

Kazi yake imekuwa kupokea madai ya askari wastaafu walioumia miguu wakiwa jeshini. Wapo ambao nyayo zao zimelala bapa kwa miaka ya kubeba mizigo, wapo waliovunjika vifundo vikaunga vibaya, na wapo ambao vidole vimepandana kwa kubanwa na buti zisizowatosha. Yeye humwandalia kila mmoja faili, kisha humwingiza mbele ya jopo la madaktari linaloamua kama ulemavu ule umetokana na utumishi.

Mtindo wa beseni ni wake. Mzee anakanyaga maji, anakanyaga karatasi ya kaki, na kabla alama haijakauka Mama Milembe anaizungushia kalamu. Kwa hiyo wazee wetu anawafahamu kuanzia chini. Mwaka mmoja mdogo wake Mzee Salvatory, mmoja wa wastaafu wetu, alifika na kitambulisho cha kaka yake, kwa kuwa kaka alikuwa harusini na ndugu hawa wanafanana sana usoni. Mama Milembe alimwomba avue viatu, akaitazama karatasi ya kaka iliyo kwenye faili, akaitazama miguu, akamwambia awasalimie nyumbani. Wiki iliyofuata wote wawili walikuja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, la kuombea radhi. Mwandishi wa wasifu huu aliila mingi kuliko yeyote.

Lakini wasifu wa Mama Milembe hauwezi kuandikwa bila Koplo mstaafu Malimi wa Sola, na yeye mwenyewe ameagiza sehemu hii isirukwe.

Koplo Malimi aliumia miguu yote miwili katika mazoezi ya kutembea na mizigo, ikapona upande. Hawezi kusimama shambani zaidi ya nusu saa. Mkewe, Mama Minza, ndiye anayelima pamba na watoto, na koplo mwenyewe anakaa ukingoni mwa shamba akichambua mbegu. Pale Sola walimwita mvivu. Kwa Msukuma, afadhali uitwe mchawi, maana mchawi angalau huogopwa. Mzee alitaka barua inayosema miguu yake iliharibikia kazini, wajukuu wasikue wakiamini babu yao alikimbia jembe.

Mwaka 2016 Mama Milembe alimwandaa kwa jopo kama alivyowaandaa wote: aje nadhifu, asimame wima, ajibu kwa ufupi. Mzee alitii kikamilifu. Aliingia na buti zinazong'aa, akatembea kama yuko kwenye gwaride, akagonga mguu sakafuni na kumpigia saluti mwenyekiti wa jopo, ambaye ni daktari mstaafu wa jeshi. Alipoulizwa hali ya miguu alijibu kwa sauti kwamba ni salama, afande. Jopo likaandika kuwa anatembea bila shida. Nje, watu wawili walihitajika kumvua buti.

Mwaka 2019 Mama Milembe alimsihi aseme ukweli, naye akaahidi. Alipomwona mwenyekiti tu, mgongo ukanyooka wenyewe. Bibi Elina wa jikoni anasema mguu ulipogongwa safari ile, vikombe vilicheza kwenye sinia.

Ilibaki nafasi moja ya rufaa, na baada ya hapo faili lingefungwa moja kwa moja. Mama Milembe hakuficha kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake, kwa ule ushauri wa kusimama wima. Lilimuuma. Faili la Malimi lilikaa juu ya meza yake miaka yote hiyo, na aliapa kwamba hataaga kabla halijaisha.

Jibu lililetwa na mvua ya Novemba mwaka jana. Koplo Malimi alikuja kufuatilia, njia ya Sola imejaa matope, na kwa kumhurumia Elina aliyekuwa amemaliza kupiga deki, akavua buti mlangoni. Aliingia akishika ukuta, akikanyagia kingo za nyayo kwa maumivu ya wazi. Mwenyekiti wa jopo alipita, na mzee akamwamkia kwa mkono tu, kama jirani. Mama Milembe alimuuliza saluti imekwenda wapi.

“Mayu, askari akiwa peku hapigi saluti,” alisema mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. “Hapa mimi ni Malimi tu.”

Jioni hiyohiyo Mama Milembe aliandika barua ya ukurasa mmoja akipendekeza kila anayeingia kwenye jopo aache viatu mlangoni, kama tunavyofanya kwenye nyumba za watu. Mwenyekiti alikubali kwa sharti kwamba wajumbe nao wavue, naye akalijutia, kwa sababu jopo lilipokaa Machi mwaka huu soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu. Mama Milembe alileta mkeka wake wa nyumbani. Koplo Malimi aliuvuka polepole, akiomba bega la kushika, na alipoulizwa hali ya miguu, alisema yote kwa dakika ishirini. Hakuna aliyemkatiza.

Barua ilifika wiki mbili zilizopita: ulemavu umetokana na utumishi. Ilisomwa katika matangazo ya kanisa pale Sola, na Mama Minza alipiga vigelegele mpaka katekista akaomba amalizie matangazo. Mama Milembe alipopata habari aliketi akalia, kisha akalipiga kabati teke na kuliweka faili ndani. Wazee wengine kumi na mmoja waliokataliwa zamani wameitwa upya, miguu mitupu.

Mayu Milembe, wabeja sana, asante kwa yote. Tunakuombea uzee wenye afya, mvua za wakati wake na wajukuu wenye adabu. Pumzika, umefanya kazi.

Sherehe ni Jumatatu saa nne asubuhi, ukumbini, na viatu vitabaki mlangoni. Koplo Malimi atakuwepo. Ameomba ruhusa ya kupiga saluti moja. Tulimkumbusha alichosema kuhusu askari aliye peku, akajibu kwamba anakumbuka vizuri, ila kwa afande huyu ataipiga hivyohivyo.

Athanasi Ndaki
Masijala