Donna Ersilia na Kiti Kilichoelekea Ukutani

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Donna Ersilia Montefrasso, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1931 hapa Roma, katika jumba la ukoo uliotoa makadinali watatu na mabalozi tusiowamaliza kuwataja, chumba cha pili kutoka ukumbi wenye kiti cha enzi, kiti ambacho, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu za kale zenye vyeo, huelekezwa ukutani asikikalie mtu mpaka Baba Mtakatifu aje kututembelea, naye hajaja tangu mwaka 1868.

Alisoma kwa masista wa Viterbo hadi 1949, akajifunza huko Firenze kazi ya kusafisha picha za kale, akaifanya miaka arobaini na moja, akifuta moshi wa mishumaa kwenye nyuso za watakatifu taratibu mno, hata wenzake wakamtania kwamba anaogopa kuwaamsha. Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na marehemu Oreste Galvani, mwalimu wa hesabu asiye na cheo chochote, wakajaliwa binti mmoja, Fiammetta.

Desemba 2015 uti wa mgongo ulianza kumtesa, akawa hawezi kulala wala kukaa, na daktari, baada ya kujaribu viti vyote vya nyumba, akasema kinachomfaa ni kile cha ukumbini tu. Kaka yake, Monsinyori Lattanzio, aliyekuwa balozi wa Papa katika nchi nne, alikataa katakata, Fiammetta akampigia mjomba wake magoti bure, na Donna Ersilia akamwambia, we Lattanzio, mgeni wako amechelewa miaka mia na ushee, mimi naumia leo. Siku kumi na mbili alilia amesimama, ameegemea meza, na sisi sote tukanyamaza, Mungu atusamehe.

Siku ya kumi na tatu Monsinyori alikigeuza kiti kwa mikono yake mwenyewe. Donna Ersilia akaketi, akainua macho darini, na wale malaika waliochorwa pale, tuliozoea kuwaona wamepindapinda, wakanyooka, wakaelea kwenye mawingu ya waridi, kwani mchoraji aliwachora watazamwe kutoka kitini pale tu. Alisema, jamani, wanashuka. Akapata usingizi, na tarehe 21 Januari 2016, saa kumi alasiri, akafariki humo humo kitini, akitabasamu.

Tunamshukuru Daktari Bonaiuti, majirani walioleta supu kila mchana, na wenzake wa karakana ya picha. Monsinyori alipaswa kusoma haya yeye, ameshindwa, ametuomba tuseme kwa niaba yake, dada yangu, zile siku kumi na mbili nisamehe. Upumzike, Ersilia, kwa amani.