Paluku Iko, Huyu ni Kambale

Mama yangu alimweka mtoto wake wa kwanza wa kiume mlangoni mwa nyumba ya watu asiowajua, mtoto akiwa hai na analia, akaendelea na safari. Mimi niliachia mkono wa mtoto wangu wa kwanza wa kiume barabarani Kibati, ili nishike godoro. La kwangu nililijua siku hiyohiyo. La mama nimelijua mwaka huu, na ndilo lililonifanya nisimame hapa mbele yenu nikiwa nimeoga.

Mnacheka. Wanaonijua wanajua kwa nini nimetaja kuoga.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nimefundisha darasa la tano miaka mingi na sijui kueleza namna nyingine. Sitamtaja mtu. Mtanisikia nikisema Paluku na Kambale, lakini asiyetoka kwetu aelewe: kwa Wanande hayo si majina ya kuchagua. Mvulana wa kwanza kwa mama yake ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na kuendelea. Hata aliyeishi siku moja tu anahesabiwa. Mimi ni Kambale. Nilikua nikiwa mkubwa nyumbani na sikuuliza Paluku wetu alienda wapi. Wengi wetu wana Paluku aliyekufa mchanga. Nilidhani na wetu ni hivyo, nikanyamaza kama wengine.

Siku tulipokimbia kutoka upande wa Rutshuru, mke wangu alikuwa amewashika mabinti wetu wawili, mmoja kila mkono. Mimi nilikuwa na godoro kichwani, na mkono wa kushoto nimemshika Paluku wangu. Siku ile alikuwa na miaka sita. Ana kovu juu ya nyusi, alianguka kwenye jiwe la kusagia. Shati lake lilikuwa la njano. Tulipofika Kibati ilikuwa mchana, na barabara imejaa watu, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba vitanda. Lori likapita likipiga honi, watu wakasukumana hadi kwenye mawe, godoro likaanza kuteleza. Nikaachia mkono ili nilishike vizuri. Ndugu zangu, nawaambia kama ilivyokuwa: nilikuwa na mikono miwili, nikachagua. Nilipogeuka palikuwa na watoto wengi. Wangu hakuwemo.

Godoro lilifika kambini Kanyaruchinya salama. Mabinti walilala juu yake chini ya hema. Mimi nililala pembeni, juu ya mawe, na sikutaka kitu cha kutandika.

Kila asubuhi nilipanda kwa miguu hadi Kibati, naketi mahali palepale. Nilikuwa na daftari. Kila mvulana aliyepita nilimwandika: urefu, shati, nani amemshika. Nilijaza madaftari manne. Wale wanaotafuta watoto waliopotea walichukua maelezo yangu, wakaniambia nisubiri. Kambi zilipoondolewa tulishuka hapa Katoyi, chumba kimoja, nami nikaendelea kupanda. Niliacha kufundisha, nikaacha kunyoa, nikaacha kuoga. Mke wangu alikuwa na mimba na anauza makaa kwa mikebe mbele ya mlango. Akiniletea chakula ananiambia, «Papa, kula.» Namuuliza, «Paluku amekula?»

Siku moja akaweka sahani chini. «Unaniuliza mimi? Mimi nilimuzaa. Wewe ni nani ya kumulilia peke yako?»

Kesho yake nilienda ziwani, na sikwenda kunawa. Nimesimama kwenye mawe, maji yamefika magotini, nikasikia nyuma yangu mtu anahema. Ni yeye, na tumbo lake lile, na bidoni tupu ya maji mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, «Kama umefika mpaka kwenye maji, beba maji.» Nikajaza bidoni. Tukapanda mlima. Jioni ile akanileta hapa, kwenye kikundi chetu hiki cha kufarijiana, benchi ile ya nyuma, na mnakumbuka hamkuketi karibu nami, kwa harufu.

Mama anayetuongoza alinipa kazi ya nyumbani aliyowapa nyote: nenda kwa mtu mzima wa ukoo wako, muulize waliokutangulia walipita wapi na walipitaje, uje utusimulie. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, «Mama, mimi natafuta mtoto, na wewe unanipa devoir?» Akasema, «Mwalimu, hata wewe ulikuwa unawapa watoto devoir wakiwa na njaa.» Sikuifanya. Naona wengine wanainamisha vichwa. Wako ambao bado hawajaifanya.

Kisha mtoto akazaliwa. Mvulana.

Sasa sikieni kosa langu. Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniuliza jina la mtoto ili aandike fishi, kadi yake ya kliniki. Nikasema, «Paluku.» Akaandika. Nilihisi kama nimetua mzigo. Nilijiambia: Paluku amerudi, hesabu imetimia, sasa naweza kulala. Nikampelekea mke wangu ile karatasi kitandani. Akaisoma. Alikuwa ananyonyesha, akamtoa mtoto kwenye ziwa, akamlaza kando. Akasema, «Umemuzika.» Halafu akageukia ukuta.

Hakusema na mimi siku mbili. Siku ya tatu alimtumia ujumbe shangazi yangu, dada ya baba, mzee kabisa, ambaye anaishi huku mjini na ambaye sikuwa nimemtembelea tangu mazishi ya mama. Alikuja na mfuko wa maharage mabichi, akaketi chini, akaanza kuyamenya bila kusalimia. Akavuta pua.

«Unanuka kama mbuzi ya mvua.»

«Pole, shangazi.»

«Usiniambie pole. Leta sahani.» Nikaleta sahani. «Nani alikufundisha kuwapa watoto wawili jina moja?»

Nikamwambia yule wa kwanza hayupo. Shangazi akaendelea kumenya maharage. Kisha akanieleza, na mimi, ndugu zangu, nikachukua daftari la tano nikaandika, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Wakati wa machafuko ya zamani, kabla sijazaliwa, mama alikimbia kwa miguu na Paluku wake mgongoni, mtoto wa miezi minane. Baba alikuwa ametangulia na wazee. Njiani homa ikamshika mama, miguu ikakataa. Alikuwa akianguka, na kila akianguka anamwangukia mtoto. Akaona nyumba yenye moshi. Akamweka mtoto mlangoni juu ya kitenge, akagonga, akaondoka kabla hawajafungua, maana alijua akiona uso wa mtu hataweza kuondoka. Alipanga kurudi kesho yake. Alirudi baada ya siku nne. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu, hakuna kitenge, wala kaburi. Alizunguka nyumba ile akitafuta udongo uliochimbwa. Hakuuona.

Nilipozaliwa mimi, bibi yangu alitaka niitwe Paluku, ili mama apoe. Baba alikuwa mtu mpole, hajawahi kubishana na mama yake. Siku ile alibishana. Shangazi alikuwepo. Baba alisema, «Paluku iko. Huyu ni Kambale. Siku ile ingine atarudia, atakuta jina yake bado inamungojea.»

«Na mama?» nikauliza.

«Mama yako umeishi naye. Mimi nitakuambia nini?»

Hapo nikakumbuka bugali. Mama, akipakua, kipande cha kwanza hakunipa mimi niliye mkubwa. Alikikata, akakiweka kando ya sahani yake, akakila mwenyewe mwisho kabisa, kikiwa kimepoa. Kila siku. Nikiwa mtoto nilimwona mchoyo, na nikiwa kijana nilimwambia hivyo usoni. Kesho yake akakikata tena. Na mama huyohuyo alikuwa anacheka hadi analia, aligombana na kuku wa jirani, alilima, alisuka mikeka, alicheza kwenye harusi yangu. Mambo hayo aliyabeba maisha yake yote, na alikuwa anaoga.

Hilo ndilo lililonigeuza. Sikufarijika, msinielewe vibaya. Lakini nilikuwa nimeamini kwamba mimi ni mtu wa kwanza duniani kufanya jambo lile, kwamba hakuna jina la mtu wa namna yangu. Kumbe nilikuwa nimelelewa na mmoja. Alinifundisha kutembea.

Nilichemsha maji. Shangazi akasema, «Weka na sabuni.» Kesho yake nilirudi kituo cha afya. Muuguzi akanitazama, «Papa mwalimu, na wewe unataka kufutafuta kwenye fishi?» Nikamwambia futa, mama. Akapiga mstari, akaandika Kambale. Nilipofika nyumbani mke wangu aliisoma karatasi mara mbili, akamrudisha mtoto kwenye ziwa. Usiku ule nililala kwenye godoro.

Sijapona kama mtu anavyopona malaria. Bado nikiona shati la njano ninasimama. Lakini nimerudi kufundisha, na Jumamosi naenda kwa shangazi kuandika mengine: nani alikimbia, nani alibaki, nani alizikwa wapi. Kwenye ukoo wetu hakuna hata kizazi kimoja ambacho hakikukimbia. Ni habari mbaya, na mimi nimeshikilia hiyo.

Namshukuru mke wangu kwa bidoni. Namshukuru shangazi, na mama aliyenipa devoir nikamtukana, nanyi mlioanza kuketi karibu nami. Kama nina neno la kuwaachia, ni hili: waulizeni wazee wenu wakati bado wanamenya maharage. Msiulize ushujaa wao. Ulizeni walishindwa nini, na kesho yake waliamkaje.

Jambo la mwisho. Juzi wale wanaotafuta watoto walinipigia simu. Minova kuna mvulana anayekaa kwa mama mmoja aliyemwokota wakati wa kukimbia. Umri unakaribia. Kuhusu kovu, mama yule amesema ana makovu, hakusema wapi. Ukimuuliza mtoto jina lake anajibu moja tu, Paluku.

Ndugu zangu, Paluku mnajua tuko nao wangapi. Naondoka Alhamisi.