Asiingie Mtu Chini ya Droo

Kaeni, wanangu, lakini asikae mtu kitandani kwangu. Nadine, vuta kile kiti cha jikoni, ukae nacho huko karibu na mlango. Wewe Dwight, baki hapo hapo mlangoni, kwenye sakafu ya trela lenyewe, usisogee upande huu mpaka nimalize. Nawaona mnavyotazamana. Mnadhani dawa imenipanda kichwani. Dawa nimeikataa tangu asubuhi ili maneno haya yatoke yakiwa yangu, na maumivu yakinikata kauli mtangoja nivute pumzi, kisha nitaendelea. Msinimalizie sentensi. Mama yenu alikuwa na tabia hiyo, na katika miaka arobaini na minne ya ndoa hakupatia hata mara moja.

Dwight, umekuja na pikapu yako ili kesho saa nne asubuhi univutie trela nje ya geti, kwa sababu siku mia moja na themanini zimetimia. Sheria ya wilaya inasema kwenye uwanja huu wa nyumba za magurudumu hakai mtu, hapa wanapita wasafiri, kwa hiyo kila baada ya siku hizo lazima kila trela litoke, lilale nje usiku mmoja, ndipo lirudi. Miaka kumi na mmoja nimesafiri hivyo, kutoka kiwanja namba thelathini na tisa hadi kwenye maegesho ya duka la mbegu, maili mbili, na kurudi, na kila mara Bi. Pruitt, meneja wetu, hunipokea getini na daftari lake na kuniuliza natokea wapi. Namwambia, kwenye mbegu, Bi. Pruitt. Naye anaandika.

Safari hii nilimwomba aniruhusu nisitoke. Akaniletea fomu yenye visanduku vitatu: gari bovu, barabara kufungwa, hali mbaya ya hewa. Nikamuuliza anayekufa atie alama wapi. Akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, masikini, akitafuta kwa dhati, kisha akasema labda niweke hali ya hewa.

Nilicheka, lakini ndani yangu hakukuwa na kicheko. Naogopa, wanangu. Neno hilo hamjalisikia kinywani mwangu, sasa lisikieni. Kifo nakiogopa kama mtu yeyote, ila hicho kina zamu yake. Ninachokiogopa kipo hapa chini ya mgongo wangu.

Chumba hiki nilimolala, hii droo, ambayo tunaisukuma nje ubavuni mwa trela tukitulia na kuivuta ndani tukisafiri, sakafu yake imeoza. Haikuoza ukingoni tu. Imeoza kutoka dirishani hadi usawa wa magoti yangu, na kinachoishikilia isianguke ni jeki nne nilizoziweka chini yake, nyuma ya yale mabati ya kukinga upepo. Kesho mngefanya kama tulivyozoea zamani: Nadine ndani, kidole kwenye swichi, na Dwight chini, akitambaa kwa tumbo kuondoa vizuizi na kuangalia magurudumu ya droo. Ungeziona jeki, mwanangu. Ungesema moyoni, mzee na wasiwasi wake. Ungeshusha ya kwanza, ungeshusha ya pili, na hii droo yote, na kabati na kuta na paa lake, uzito wa ng'ombe wawili, ingekuja juu ya kifua chako, na dada yako juu huku angedhani mlio ule ni wa mota.

Ndiyo maana nimewaita. Asiingie mtu chini ya droo. Hata nikifa katikati ya maneno haya, hilo liwe limefika.

Nipeni maji. Asante.

Sasa nitasema ilivyokuwa, kwa sababu nikiwaachia amri bila sababu, Dwight utafanya kinyume. Umenirithi.

Maji yaliingia juu, pale mpira wa kuziba ukingo wa paa ulipopasuka. Mama yenu ndiye aliyeyaona kwanza. Aliniambia, "Harlan, ukuta unalia." Nikamwambia ni jasho la ukuta, nyumba zote ndogo zinatoa jasho. Akaweka taulo, na asubuhi akaikamua taulo ile juu ya sinki mbele yangu, polepole, huku mimi nikinywa kahawa. Mtu aliyejenga trela hizi kiwandani miaka thelathini na mmoja, tena idara ya sakafu, hawezi kuambiwa na mkewe kwamba sakafu yake inalowa. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Halafu ikaja ile Sikukuu ya Shukrani. Unaikumbuka, Dwight, usijifanye. Ulipita hapa kuchukua koti, ukarudi mezani ukasema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, "Baba, pale karibu na dirisha panabonyea." Na mimi, mbele ya mkeo na wakwe zako, nikasema mwanangu amezoea kupima ajali za watu kwenye karatasi za bima, siku hizi anapima mpaka sakafu, kesho atapima bata mzinga kama kaiva. Watu wakacheka. Mama mkwe wako akacheka mpaka akapaliwa. Ukavaa koti lako, ukasema, "Ikikuangusha usinipigie." Miaka miwili, mpaka nilipougua, simu haikulia, nami niliwaambia majirani kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Sasa sikia nisilomwambia mtu. Asubuhi ile ile, kabla hamjafika, nilikuwa nimeinua kapeti na kuchoma sakafu kwa bisibisi. Ilizama mpaka kwenye mpini. Nilijua. Ulipokuwa unasema, bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu, bado ina unyevu. Ulisema kweli, nami niliwafanya watu wakucheke kwa sababu ya ile kweli. Hilo nimelibeba. Usinijibu sasa.

Nilitaka kuitengeneza sakafu kwa haki. Nikamwandikia Bi. Pruitt kuomba kibali cha matengenezo madogo. Jibu lilitoka kwenye kamati ya uwanja, limepigwa muhuri: matengenezo madogo ni yale yasiyohitaji kuombewa kibali, kwa kuwa mimi nimeomba, basi haya si madogo, na makubwa hayaruhusiwi kiwanjani. Niliisoma barua ile mara tatu, nikaona haina hata ufa wa kupitisha wembe. Aliyeiandika angejenga sakafu kwa umakini ule, tungekuwa na trela za kudumu miaka mia.

Basi nikafunga mapazia, nikafanya kwa siri, siku nne, mchana, nikisikiliza kigari cha umeme cha Bi. Pruitt kikipita ili nizime msumeno. Na nilipofungua sakafu, wanangu, hapo ndipo woga ulipoanza. Kwenye ukingo wa ubao kulikuwa na herufi mbili za penseli, H.S. Mkono wangu. Trela hili nililinunua kwa bei ya wafanyakazi bila kuuliza lilipita mikononi mwa nani, kumbe lilipita mikononi mwangu.

Nawaeleza tulivyofanya kazi. Kiwandani tulipewa idadi ya siku. Ukiimaliza, unakwenda nyumbani; ukiimaliza saa saba mchana, saa saba mchana uko mtoni na ndoano. Zile mbao za chenga zilizogandishwa kwa gundi, kingo zake zilitakiwa kupakwa rangi ya kuzuia maji, mara mbili, na kuachwa zikauke. Hatua hiyo tuliiruka. Hakuna aliyetuamuru kuruka, na aliyetukagua naye alitaka kwenda nyumbani. Ukingo ule wenye herufi zangu ulikuwa mtupu, haujaguswa na brashi, umevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye maziwa. Nilikaa chini nikauangalia. Nikajiuliza ni sakafu ngapi. Watu wangapi wamelaza watoto wao juu ya saa saba yangu.

Na baada ya kujua hayo, nilifanya nini? Nilipaswa kukata ubovu wote. Nilimwaga dawa ya kugumisha mbao juu yake, nikafunika kwa ubao mwembamba, nikarudisha kapeti. Chini nikabandika karatasi ya plastiki na gundi, safi, bila mkunjo, nikajisifu. Maji yalikuwa yanaingia juu na kutokea chini. Mimi nikayafungia mlango wa kutokea. Nilichimba bwawa, wanangu, nikatandika kitanda juu yake.

Mwezi wa Aprili, safari ya mwisho ya kwenye mbegu, niliivuta droo peke yangu, kwa mpini wa kuzungusha, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kisha nikajipenyeza chini kuangalia. Nikasikia sauti. Haikuwa ya kuvunjika. Ilikuwa kama mtu anavuta pumzi kabla ya kusema. Droo ikashuka upana wa vidole viwili na kusimama juu ya uso wangu, nikiona kichwa cha skrubu. Sijui nililala pale muda gani. Nilijikojolea, wanangu. Nilipotoka, Bi. Pruitt alikuwa amesimama na daftari, akaniuliza kama niko tayari kusafiri.

Niliporudi kiwanjani niliishikiza droo kwa zile jeki nne, lakini tangu siku ile naisikia sauti ile. Ukikaa mwisho wa kitanda, Nadine, unaponikanda miguu, ipo. Wewe unasema trela linatulia. Mimi najua linahesabu. Nimelala hapa wiki sita, kila ukipita na bakuli la maharage nikikuuma kwa maneno kwamba uache kunizunguka, nawe unatoka ukijifuta macho. Sikuwa nimekuchoka. Nilikuwa nakutoa juu ya sakafu.

Mtauliza kwa nini sikusema nihamishwe. Ningesemaje bila kusema kwa nini? Nilipanga kufa kwanza, muigundue wenyewe, mseme ni uzee wa trela. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na ningeutimiza, lakini jana, Nadine, uliwaleta wasichana wako, ukadhani nimesinzia. Uliwaonyesha hapa. Ulisema babu akipumzika, Opal atalala upande wa dirisha na June upande wa mlango. Opal akaruka mara moja kujaribu. Mara moja tu, mwenye miaka sita. Nilisikia chini yangu kitu kikiachia.

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Trela ni la Nadine. Hilo liko kwenye karatasi, halibadiliki. Zana zote ni za Dwight, pamoja na ile patasi ya babu yangu, nayo usiitumie kufungulia makopo ya rangi. Lakini trela halihamishwi kesho. Mwambieni Bi. Pruitt aandike atakavyo. Mwambieni ni hali ya hewa.

Kisha tengenezeni, wote wawili, kwa mikono yenu. Dwight akisema ana kazi ofisini, Nadine, mkatalie. Nendeni kiwanda cha mbao mkaazime forklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, na mwendeshaji wake. Anzeni juu, mpira wa paa kwanza, maana ukitengeneza sakafu huku maji yanaingia umefanya kazi yangu. Forklifti ishike droo yote ndipo jeki zitoke, na zitolewe kwa mti mrefu, mtu akiwa amesimama nje. Kateni mpaka bisibisi ikatae kuingia, kisha ongezeni shubiri moja mbele ya hapo ilipokataa. Wekeni plaiwudi nene, si chenga. Kingo zipakwe mara mbili. Zikauke siku nzima. Hata kama kuna jua, hata kama mtu anawaita mtoni, siku nzima. Na chini msifunge plastiki, pawe wazi, papumue.

Na ukiliuza siku moja, Nadine, mwambie mnunuzi. Mwonyeshe mahali. Mwambie baba yangu alikosea hapa.

Sauti inaniishia. Dwight. Nimekwambia usije huku. Unakuja tu. Haya, njoo, jeki zitakubeba, ila pita kulia, ukanyage juu ya chuma, hapo, fuata mstari wa skrubu. Wewe Nadine usije. Shika mlango. Asije mwingine. Weka mkono chini ya magoti. Mimi si mzito tena, ulikuwa mzito zaidi yangu nilipokubeba ukiwa darasa la tatu, umevunjika mguu. Usinijibu, nimesema. Ninyanyue.

Umeisikia? Ndiyo hiyo. Usisimame. Tembea.

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu. Siombi kingine. Opal na June walale mpaka jua liwaamshe. Mama yenu akiwa huko nitamwambia kweli ukuta ulikuwa unalia. Msigombane kuhusu mahali pa kunizika, popote pakavu panatosha.

Tumevuka? Hii ni sakafu ya trela? Sioni vizuri. Gonga kwa kisigino, Dwight, nisikie.

Tena.

Hiyo nzima. Nilazeni hapa. Chini kabisa, godoro liacheni huko.