Pistoni Iliyokataa Kuingia

Mama zangu, na ninyi papa, baba zetu wawili mliokaa karibu na mlango, asanteni kwa kunipa nafasi. Mnanijua, mimi si mtu wa maneno. Tangu nianze kuja katika kikundi hiki cha wajane nimekuwa nikikaa nyuma, naitikia nyimbo, narudi nyumbani. Leo nitasema. Jina la aliyenikosea sitalitaja. Mnaomjua, mnyamaze.

Mume wangu alikuwa mtu wa mto. Alipakia makaa na mihogo ya watu kule Opala, akateremka Lomami mpaka Isangi, halafu akapanda mto mkubwa hadi hapa Kisangani. Motor ya kwanza ya mtumbwi wake ilipochoka, alinunua nyingine kuukuu kwa fundi mmoja wa bandarini. Kofia ya juu, yaani kifuniko cha motor, ilikuwa imeandikwa Arobaini, nguvu za farasi arobaini. Fundi alipiga kifua mbele yangu: "Mama, hii iko quarante ya kweli, minakuapia. Itavuta hata kanisa."

Ninyi mliozaliwa mtoni mnajua desturi yetu. Hatuulizi mtumbwi unabeba magunia mangapi, tunauliza motor ni ngapi. Kumi na Tano ina mzigo wake, Ishirini na Tano ina wake, Arobaini ina wake. Mume wangu alipakia mzigo wa Arobaini, wala gunia moja zaidi. Nilikuwepo safari ya kwanza, nikaona motor inalia kama mtu anayepanda kilima na jiwe kichwani. Aliniambia itazoea.

Haikuzoea. Safari nyingine, mimi sikuwepo, yeye na msaidizi wake walipokuwa wamepita Yanonge, mto ukiwa umejaa, motor ilichemka ikazima. Mkondo ukawarudisha nyuma, ukawatupa kwenye mti mkubwa ulioanguka majini, mtumbwi ukapinduka. Msaidizi wake aliogelea akafika ukingoni. Mume wangu tulimpata baadaye, mbali sana kule mto unakoteremkia.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu, maana hapa ndipo chuki yangu ilizaliwa. Yule fundi alikuja kwenye matanga. Alikula chakula chetu. Halafu akasimama mbele ya watu wote, mbele ya wenye makaa waliopoteza mali yao, mbele ya watoto wangu, akasema kwa sauti ya huruma: "Ndugu yetu alikuwa mutu muzuri, ila tamaa. Alizidisha muzigo. Motor ilikuwa muzima kabisa. Tumuombee."

Neno hilo lilitembea mtaa wetu wote wa Mangobo. Sokoni mama mmoja mwenye makaa aliniambia usoni, "Tamaa ya bwana yako ndiyo ilikula magunia yangu." Mwanangu wa kike alirudi kutoka shuleni akiniuliza kama ni kweli papa alizamisha mali ya watu kwa tamaa. Mtu akifa majini hawezi kusema alipakia nini.

Nawaambia ukweli kwa sababu tuko kanisani: nilimwombea yule mtu mabaya. Nilipiga magoti na kuomba nyumba yake iungue. Nilipomwona anapita kwa pikipiki nilitamani gurudumu lichomoke. Kumwaga machozi nilishindwa, chuki ilikuwa imekausha kila kitu.

Maji yalipopungua, wavuvi waliivua motor kwa kulabu wakaniletea, imejaa tope. Haikupita hata juma, fundi akatuma mtu. Eti anainunua kama chuma chakavu ili anisaidie mimi mjane. Nikakataa. Akatuma tena, akaongeza. Nikakataa tena. Msifikiri nilikuwa na akili. Nilikataa kwa chuki tu: kwa kuwa anaitaka, haipati. Nikaiweka chumbani, kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala marehemu.

Siku moja nikaanza kuiosha. Nilipofika kwenye kofia, nikaona haikukaa vizuri. Kati yake na mwili wa motor palikuwa na vipande vya mpira wa tairi, vimekatwa na kubanwa humo ili isicheze. Mtu haweki kizibo cha mpira kwenye sufuria yenye kifuniko chake yenyewe.

Nikamwita Tonton, mdogo wa marehemu baba yangu. Kazi yake ni kutengeneza jenereta hapa Mangobo, na ulimi wake hauna likizo. Aliitazama akacheka. "Mutoto, hii motor imevaa kofia ya mukubwa wake."

"Unajuaje?"

"Bon, tuulize yenyewe."

Kibati cha namba kwenye mabano ya kufungia mtumbwini kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu tu. Lakini Tonton alisema motor nyingine zina kisahani kidogo cha chuma, kama kifungo cha koti, kimegongewa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa motor wenye silinda, na wezi wengi hawakijui. Alikwangua rangi taratibu. Kikatokea. Namba zake zilikuwa za Ishirini na Tano.

Mume wangu hakuzidisha kitu. Aliuziwa motor ndogo ndani ya kofia kubwa.

Nilitaka kukimbia bandarini siku ile ile. Tonton akanishika mkono. "Utawaonyesha namba? Nani pale atasoma namba? Atasema uliigonga wewe. Ngoja." Akaenda kwa mwenye mtumbwi mmoja akaazima pistoni kuukuu ya Arobaini ya kweli. Akafungua kifuniko cha silinda ya motor yetu, akaijaribu juu ya tundu lake. Haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Ilikaa juu ya tundu kama mtu mnene mlangoni.

Tulikwenda siku ya soko, asubuhi, mitumbwi inapakia. Tonton alisukuma bloku kwa toroli, mimi nilibeba pistoni ndani ya kitambaa changu cha matanga. Fundi alikuwa mbele ya karakana yake na wateja. Tonton akaonyesha pistoni kwa watu wa mto mmoja mmoja. "Hii ni ya ngapi?" Wote wakajibu, "Quarante." Mimi nikaiweka miguuni pa fundi, kando ya bloku ya motor aliyotuuzia.

"Papa," nikasema, "ingiza."

"Mama, matanga imekuharibu kichwa. Rudi upike."

"Ingiza tu, papa."

Watu wakasogea. Mpakiaji mmoja akapaza sauti: "Ingiza, fundi! Ao mikono iko na baridi?" Fundi akainama, akajaribu. Akasukuma. Jasho likamtoka. Akasema, "Chuma ikilala ndani ya maji inajikunja."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Mmoja akasema, "Basi meli yote ya hapa ingeshakuwa sahani ya fufu!"

Yule mama wa makaa, aliyenitukana sokoni, alikuwa ameketi juu ya gunia lake. Hakucheka. Alisema polepole, "Kumbe tulimuzika mutu na uongo juu yake." Ndipo nikalia. Tangu kifo cha mume wangu, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Siku hiyo hiyo wenye mitumbwi walifungua kofia za motor walizonunua kwake. Sitasema walikuta nini. Karakana ilifungwa na mwenyewe akahama mtaa. Sikumpeleka polisi. Nilitaka ahukumiwe na watu wanaomjua, na nililala vizuri, Mungu anajua.

Halafu tukaitengeneza motor. Pistoni zake zilikuwa zimeganda kwa tope, tukazilowesha kwa mafuta mpaka zikalegea. Tukaanika koili juani, tukaweka segmenti mpya, zile pete za pistoni, na bujia mpya za kuwashia moto. Pampu ya maji ya kupoza motor tuliikuta na kipande cha tairi mahali pa mpira wake, ndiyo maana ilichemka. Ilipowaka, Tonton aliiamkia, "Bonjour, Ishirini na Tano!" Kofia ile kubwa niliikataa. Tuliishonea turubai. Leo inafanya kazi kati ya hapa na Yanonge kwa mzigo wake halali, na inapita mbele ya karakana iliyofungwa. Nikiwa ndani ya mtumbwi huwa nageuza shingo kutazama. Najua si vizuri. Natazama.

Namshukuru Tonton, wavuvi, na yule aliyetuazima pistoni bila kuuliza. Nawashukuru ninyi mliokaa nami mkekani nilipokuwa sisemi. Na yule mama wa makaa, aliyekuja kwangu mwenyewe akaomba nimbebee magunia yake. Yuko hapa, anainamisha kichwa. Inua, mama, tumemaliza.

Ninachowaachia ni hiki: msinunue kofia, funguni mtazame ndani. Na mtu akisimama kwenye matanga amtie marehemu kosa, msiitike amina upesi.

Padri ameniuliza kama nimemsamehe yule fundi. Nimemjibu, bado. Akauliza, lini? Nikamwambia, siku atakapokuja mbele ya watoto wangu aseme kwa mdomo wake mwenyewe: "Papa yenu hakuwa na tamaa, ni mimi nilimudanganya." Padri alimfikishia, na fundi anadai maneno hayo ni mazito, hawezi kuyaleta. Si mazito. Hata Ishirini na Tano inayabeba.