Saa Tatu ya Bernardino Agostinho

Padri, wazee, majirani, nanyi ndugu mliovuka Ruvuma kuja kutuzika, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imenituma mimi, Leonel, mdogo wake marehemu, nisome maisha yake, na imeniagiza nisiruke kitu, hata pale panapouma.

Bernardino Agostinho alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, wilayani Nangade, mtoto wa pili kati ya watano. Vita vya ukombozi vilipopamba moto alivushwa mto mgongoni kwa mama, akasoma Newala, upande wa Tanzania, hadi darasa la saba, ndiyo maana Kireno kilimkaa mdomoni kama kiatu cha kuazima, na saa zake alizihesabu kwa Kiswahili mpaka mwisho.

Alirudi mwaka 1976, akajifunza kuoka mikate Mueda, na mwaka 1985 akafungua tanuri lake hapa Palma, ambako aliyechelewa aliambiwa kwa utani mkate umekwenda kanisani, asubiri misa iishe. Tarehe 15 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Elisa, wakajaliwa watoto watatu, Dércio, Márcia na Nádia. Vita vilipoingia mjini Machi 2021, Dércio alipotea, na hadi leo hatujamwona wala hatujaonyeshwa kaburi. Marehemu alikimbilia Namoto na waliobaki, akarudi mwaka uliofuata, akakuta tanuri limebomolewa, akalijenga upya.

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwauzia wateja, mdomo ulimpinda, mkono wa kulia ukalegea, akaanguka. Wapo waliosema ni upepo mbaya, aitwe mganga, lakini Nádia, kitinda mimba wake, hakuwasikiliza, akatafuta gari, na saa tano wakawa wameshamfikisha hospitali. Pale hakuna bingwa wa ubongo, ila ipo mashine ya kupiga picha ya kichwa, na skrini inayomleta bingwa kutoka Maputo, Daktari Celeste, ambaye aliitazama picha, kisha akauliza mgonjwa alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, zikipita inaweza kumwaga damu kichwani.

Shemeji Elisa akajibu, saa tatu asubuhi, na Nádia akatafsiri neno kwa neno, três da manhã, ambayo kwa saa za Kireno ni saa tisa usiku. Daktari alikuwa ameambiwa mgonjwa ni mwoka mikate, na waoka mikate huwa macho saa hizo, kwa hiyo hakushuku, akahesabu kwamba saa nane zimekwisha pita, akasema dawa haitolewi tena. Nilipofika alasiri, nikawa nawasimulia waliokaa barazani jinsi kaka alivyonitania saa tatu nilipochelewa kufuata mkate, jua limeshawaka, ndipo Nádia alipoisikia ile tatu, akapiga ukelele, akamkimbilia muuguzi. Daktari alirudi kwenye skrini, akasikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, akasema muda umekwisha, na kwamba naye alipaswa kuuliza jua lilikuwa wapi.

Hakutuahidi kwamba dawa ingemponya, lakini hakutuficha kwamba nafasi ilikuwepo. Tuliikosa, na inatuuma. Marehemu hakusema tena, Nádia akamlisha uji kwa kijiko, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 19 Juni.

Tangu siku hiyo binti huyu hali chakula, na mnong'ono umeanza mtaani kwamba kamuua baba yake kwa Kireno cha shule. Familia imekaa kikao na inajibu hapa, mbele ya jeneza: ulimi hauna mfupa, na wakubwa walipokuwa wakibishana kuhusu upepo, ni yeye peke yake aliyetafuta gari. Atakayemsema, asije kula matanga kwetu.

Tunamshukuru Daktari Celeste, muuguzi Abdurrazaque, ambaye sasa kila mgonjwa wa pwani humuuliza kwanza habari za jua, Selemane aliyetoa gari, waoka mikate wenzake, na majirani, Wakristo kwa Waislamu, mliochimba kaburi pamoja nasi.

Kaka Bernardino, pumzika kwa amani, na umwache mwanao Nádia naye apumzike.