Mama Mwanvua na Dakika Nzima ya Pumzi

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Mwanvua Massoudi anakabidhi funguo za wodi ya mapafu. Aliingia hospitalini kwetu, hapa Bujumbura, mwaka 1971 kama mfuaji wa mashuka. Anatoka akiwa muuguzi mkuu. Katika muda huo wakurugenzi wamebadilika mara tisa na paa mara moja. Yeye hakuna aliyethubutu kumbadilisha.

Wenzake wa zamani wanakumbuka miaka ya vikwazo vya kiuchumi, nchi jirani zilipotufungia mipaka na glavu zilipokuwa adimu kuliko sukari. Mama Mwanvua alizifua, akazianika uani, akazilinda kama mtu anayelinda vifaranga. Siku moja kunguru aliondoka na moja. Hadi leo kila kunguru anayetua kwenye ukuta wetu ni mtuhumiwa.

Vita vilipotufikia, aliweka kanuni moja bila kuomba idhini ya mtu. Kwenye kadi ya kitanda huandikwa jina la mgonjwa na idadi ya pumzi zake kwa dakika, basi. Mlima aliozaliwa, ambao kwetu watu huutumia kukisia kabila, hauulizwi. Wapo waliokasirika. Kadi hazikubadilika, na watu ambao nje wasingesalimiana walilala humo vitanda vikigusana.

Pumzi hizo alizihesabu kwa tasbihi. Aliketi kando ya mgonjwa, macho kwenye saa ya ukutani, akisogeza shanga moja kwa kila pumzi. Shanga zote thelathini na tatu zikiisha kabla ya dakika kuisha, haondoki kitandani hapo. Daktari kijana anayeandika haya, alipowasili Januari 2003 na tasnifu ya kurasa themanini chini ya kwapa, aliona jambo hilo linafaa msikitini zaidi kuliko hospitalini, na alilisema wazi. Yeye alihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, kama wahitimu wote wenye haraka.

Tasnifu yenyewe ilihusu sitokini, wajumbe wadogo ambao mwili huwatuma kuziita chembe nyeupe za damu mahali penye maambukizi. Bila wajumbe hao, mafua tu yangetumaliza. Lakini katika homa kali ya mapafu wanaweza kuendelea kupiga mbiu hata baada ya kijidudu kushindwa. Kuta za mishipa midogo hulegea, maji huvuja, vifuko vya hewa hujaa. Mgonjwa huzama ndani ya kifua chake mwenyewe, na wanaomzamisha ni walinzi wake.

Julai 2003, mabomu yalipokuwa yakianguka upande wa Musaga na Kinanira, barabara zilifungwa na wafanyakazi wengi hawakuweza kufika. Mama Mwanvua alibaki wodini siku nane. Tulikuwa na mtungi mmoja na nusu wa oksijeni, na aliyeutegemea zaidi ni Consolée, fundi cherehani wa Gasenyi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Siku ya tatu homa yake ilishuka, na maabara haikuona tena vijidudu katika makohozi. Daktari kijana alihesabu robo dakika, akapata pumzi sita, akaandika ishirini na nne, kisha akaagiza oksijeni ifungwe ili iwekwe akiba.

Mama Mwanvua aliweka mkono juu ya mtungi. Mjadala ulidumu karibu nusu saa, upande mmoja ukitaja majarida kwa Kifaransa, upande mwingine haukuondoa mkono. Mgonjwa mwenyewe alisikika chini ya barakoa: “Mugombane polepole, hewa yangu ndiyo munamaliza.”

“Docteur wangu, umesoma, mi sikatai,” alisema Mama Mwanvua. “Lakini we umehesabu robo. Huyu mutoto anapumua dakika muzima. Ikala hapa, tuhesabu.”

Alipojibiwa kwamba vijidudu vimekwisha kufa, aliuliza swali moja: “Vimekufa, sawa. Basi nani anamukaba?”

Wakaketi. Shanga ziliisha, mshale wa saa ukiwa bado haujamaliza mzunguko, zikaanza upya. Pumzi thelathini na tisa, fupi, zenye kusita hapa na kukimbia pale, ndiyo maana robo moja ilidanganya. Jibu la swali la Mama Mwanvua lilikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu ile, na aliyeuandika alikuwa karibu kumfungia hewa mtu aliyekuwa mfano hai wa ukurasa huo.

Oksijeni haikufungwa. Kwa idhini ya Dokta Birindwa, mkuu wa wodi, serumu, yaani maji ya dripu, ilipunguzwa ili maji yasizidi kuvuja mapafuni, na Consolée akaegemezwa wima juu ya mito. Kesho yake adhuhuri, mtungi ukikaribia sifuri, pikapu ilipenya na mitungi sita. Tuliishusha kwa vigelegele kama inavyopokelewa mahari. Pumzi zilishuka: thelathini na tano, thelathini na moja. Siku ya nane dakika iliisha, na shanga kumi na moja zikabaki hazijaguswa. Mama Mwanvua alisema Alhamdulillah, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani Buyenzi kulala.

Wapo watakaosema kwamba tasbihi si kifaa cha sayansi. Nawapinga. Mashine ya kupima sitokini hatuna. Kinachotufikia kutoka kwao ni pumzi tu, na Bujumbura nzima hatumjui aliyezisikiliza kwa uaminifu kuliko yeye. Tulipomwomba atuachie tasbihi hiyo, alicheka: ile ni ya kumwomba Mungu, sisi tununue saa.

Kitenge atakachovaa leo kimeshonwa na Consolée. Alipokuja kumpima mabega wiki iliyopita, Mama Mwanvua alimkalisha kwanza, akamhesabu pumzi: kumi na sita. Ndipo akakubali kupimwa.

Asante, Mama. Nenda upumzike, nasi tutahesabu dakika nzima. Tunakutakia siku ndefu, nyumba yenye amani na kifua chepesi.